Mlezi wa Kifurushi cha Pateni

"Kabla hujaniuliza lolote," fundi alisema, "nitilie uzi kwenye hii sindano."

Koleo alikuwa na maswali yake tayari mdomoni, lakini sindano ilikuwa imeshafika mkononi. Hakuja pale kushona, alikuja kumtafuta mume wa mtu. Hata hivyo akalamba ncha ya uzi, akafumba jicho moja, akakosa. Akakosa tena. Alipopatia alikuwa ameanza kutokwa na jasho, na huyu ni mwanamke aliyewahi kukaa meza moja na majambazi wa kutumia silaha bila kupepesa.

"Macho yako yana shida?" aliuliza akiirudisha.

"Macho yangu mazima kabisa."

"Sasa mbona unanitesa?"

"Alikuwa ananitilia yeye. Kila asubuhi, kabla hajafungua kompyuta yake, anakaa kwenye stuli ile pale, anatia uzi sindano zote za siku. Mimi tangu tuoane sijatia uzi. Alipoondoka nikawa natiliwa na wateja." Fundi aliung'ata uzi akaukata kwa meno. "Nikitia mwenyewe nitakuwa nimekubali kwamba harudi. Na mimi sijakubali. Umenielewa?"

Koleo alielewa. Aliangalia chumba. Cherehani moja mezani, nyingine imefunikwa kitambaa. Sanamu ya kupimia nguo, haina kichwa. Stuli yenyewe ilikuwa imelundikwa vitambaa vya wateja mpaka juu, huwezi kukaa hata kwa dawa. Nyuma ya mlango lilining'inia shati la kiume la buluu, limekamilika kila kitu isipokuwa vifungo.

Jina la Koleo alipewa akiwa polisi, kwa sababu akishika jambo haachii. Alipoacha upolisi na kuanza kupeleleza kwa kujitegemea, jina likamfuata kama paka wa jirani, naye akaacha kulifukuza. Habari za mume huyu alikuwa nazo tayari. Alitoka kabla ya mvua za mwaka jana, akasema anakwenda kununua waya wa kompyuta. Hakubeba nguo. Hospitali hayupo, mahabusu hayupo, chumba cha maiti mke wake amepelekwa kutazama mara nyingi kuliko inavyofaa. Hayupo.

"Ukoo wao unakutana Jumamosi," fundi alisema. "Wanataka kumlilia, yaishe. Shemeji yangu, ndugu wa mume wangu, ndiye aliyepanga. Na wakishamlilia, mwenzangu, hata akirudi watamkimbia wakidhani mzimu."

"Na wewe unasema yu hai. Kwa sababu gani?"

Fundi alichukua simu yake, akabonyeza, akampa. "Kompyuta sijui hata kuiwasha. Lakini ukurasa huu mmoja alinifundisha. Hapa ndipo anapoweka kazi yake."

Ulikuwa ukurasa wa ghala la programu. Juu kabisa paliandikwa kwamba kifurushi hiki ni programu ya kuchora pateni za nguo, ile michoro ya kukatia kitambaa. Chini yake: mlezi, Kiraka.

"Kiraka ndiye yeye?"

"Hilo jina nilimpa mimi. Alikuja kwangu mara ya kwanza na suruali iliyochanika magotini, anataka viraka. Nikamcheka. Akarudi na nyingine, kumbe hiyo kaichana mwenyewe." Alitabasamu, halafu tabasamu likamkatikia njiani. "Programu hii haikuwa na wa kuitunza. Akaichukua kwa ajili yangu, nipate pateni nzuri. Sasa soma hapo. Kimefanyiwa usafi wiki iliyopita. Maiti hafanyi usafi."

Koleo alisoma. Kweli, mkono fulani ulikuwa umepita humo, na ulijiita Kiraka.

"Mliachana vizuri?"

Fundi aligeuza uso kwenye kitambaa chake. "Mwishoni alibadilika. Alimwaga chai kwenye gauni la bibi harusi, gauni jeupe, akasema kikombe kilikuwa pembeni, na kikombe kilikuwa mbele yake. Siku moja nikampa sindano kama kawaida, akairusha mezani. 'Tia mwenyewe, kwani huna mikono?' Mume wangu huyo, aliyekuwa hawezi kunywa chai mpaka sindano zangu ziwe tayari. Nikajua nimechokwa." Akaupitisha uzi kwenye kitambaa. "Lakini mimi sijamchoka. Namtaka hata huyo wa kurusha sindano. Ukimpata na mwanamke mwingine niambie tu, usinifichie. Ninachotaka kujua ni kama anapumua."

* * *

Ofisi ya ghala ilikuwa ghorofa ya juu, kwenye chumba chenye baridi ya feni na ngurumo za mashine. Msimamizi wake alikuwa bwana mwembamba aliyevaa sweta mchana kweupe. Watu walimwita Bwana Fagio, na Koleo hakuhitaji muda mrefu kujua kwa nini.

"Mtu akitaka programu," alieleza huku akifuta vumbi ambalo halikuwapo, "hazunguki mitandaoni kuokotaokota. Anakuja kwetu. Kila programu imefungwa kwenye kifurushi chake, na kifurushi kinasema kinahitaji nini ili kifanye kazi. Kila kimoja kina mlezi. Mlezi ndiye anayekisafisha, anayeleta toleo jipya, anayejibu malalamiko. Asipojibu, tunakitangaza yatima. Yatima akikosa mlezi mwingine, nafagia."

"Unafagia."

"Nafuta. Kila Ijumaa. Ghala chafu ni hatari kuliko ghala tupu, bibie."

"Nataka habari za Kiraka."

Bwana Fagio aliacha kufuta meza. "Alikuwa mlezi bora niliyewahi kuwa naye. Safi! Vifurushi vyake ungeweza kulia chakula juu yavyo. Halafu akapotea kimya kimya, nikataka kuvitangaza yatima. Ghafla akarudi. Lakini…"

"Lakini?"

"Sijui kama ni yeye."

Hapo Koleo akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Mlezi anasaini kazi yake kwa ufunguo wake," Bwana Fagio aliendelea. "Upo kwenye flashi, na una nenosiri. Saini ni yake, hilo halina ubishi. Ila ufunguo unaweza kuibiwa. Wapo wahalifu wanaowinda walezi waliopotea. Wanateka kifurushi, wanaingiza sumu ndani, na siku moja kompyuta za watu wote zinalia."

"Umekuta sumu?"

"Nimechambua mstari kwa mstari. Hakuna. Amefuta mafaili yaliyokufa. Amenyoosha maelezo. Amebadilisha anwani ya chanzo iliyokuwa imehama. Usafi mtupu."

"Bwana Fagio, mwizi gani anavunja nyumba ya watu ili aoshe vyombo?"

Msimamizi alikuna kidevu. Alionekana hajawahi kulifikiria hivyo. "Kuna kosa moja, hata hivyo. Ndilo linanitia shaka. Toleo la mwisho linadai kitu kisichohusiana na pateni kabisa. Mtu anataka kuchora sketi, kifurushi kinamwambia, sifungui mpaka unipe na kitu kingine. Watu wanalalamika."

"Kosa hilo linatokeaje?"

"Kwa uzembe. Kila mlezi anafundishwa siku ya kwanza: kifurushi unakijenga kwenye mashine tupu, isiyo na programu nyingine ndani. Ukikijenga kwenye kompyuta yako ya kila siku, programu inachungulia humo ndani, ikikuta kitu inachokijua inajishika nacho. Wewe mwenyewe huna habari. Halafu ikifika kwa watu inakidai, maana kwako ilikizoea. Ni kosa la anayejua kujenga vifurushi, mtu wa kando hata akitaka hawezi kulifanya. Na Kiraka hakuwahi kulifanya hata mara moja. Yeye alikuwa na mashine tupu, anaifuta kila asubuhi."

"Kwa hiyo ufunguo ni wa Kiraka, lakini mkono una tabia nyingine."

"Ndivyo ninavyoona mimi. Nimeweka ripoti ya hitilafu. Asipoijibu mpaka Ijumaa, nafagia kifurushi na jina lake."

"Huwezi kuona anatuma kutoka wapi?"

"Sisi hatuulizi mtu anakaa wapi," Bwana Fagio alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na fahari. "Tunauliza kifurushi chake kikoje."

Koleo alishuka ngazi akihesabia kichwani nani angeweza kuwa na ufunguo wa mtu aliyepotea. Mke hajui kuwasha kompyuta. Akabaki mtu mmoja, na mtu huyo ndiye anayetaka kilio kifanyike Jumamosi. Koleo alimpenda mtuhumiwa huyo papo hapo. Walikuwa hawajaonana bado.

* * *

Shemeji alikuwa na duka la rangi. Alikuwa amesimama katikati ya makopo, mkono mmoja wa kijani mpaka kwenye kiwiko, akimchanganyia mteja rangi ya ukuta. Aliposikia Koleo ametumwa na nani, alikoroga kwa nguvu zaidi.

"Laptopu ya ndugu yangu ninayo," alisema kabla hajaulizwa. "Niliichukua. Na sijaiba."

"Nani amesema umeiba?"

"Unaniangalia hivyo."

"Mimi naangalia watu wote hivi. Kwa nini uliichukua?"

"Kwa sababu mke wa ndugu yangu alikuwa anaifuta vumbi kila siku kama mtoto mchanga! Anaifuta, anailia, anaifuta. Nikasema hapana, huyu ataugua." Akaweka kijiti chini. "Mnadhani namchukia ndugu yangu. Nimemtafuta mpaka viatu vikaisha. Lakini kila nikipita pale namkuta shemeji anakodolea simu, anangoja kijimstari kimoja. Mtu hawezi kuishi na kijimstari. Tumlilie, apumue, aendelee na maisha yake."

"Na vijimstari vyenyewe? Huviandiki wewe, ili asife moyo?"

Shemeji alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mimi? Mama, mimi hata risiti naandikiwa."

Alimpeleka nyuma ya duka. Mfuko wa laptopu ulikuwa juu ya kabati, na Koleo alipoushusha vumbi lilimwingia puani akapiga chafya mpaka makopo yakaitikia. Akaifungua kompyuta. Mende wawili waliokuwa wamefanya makao kwenye vitufe walitawanyika. Betri imekufa, waya hakuna. Flashi aliyoisema Bwana Fagio haikuwamo. Mashine hii haikusaini kitu chochote wiki iliyopita, wala mwezi uliopita. Mtuhumiwa wake mpendwa alimponyoka hivihivi, na mkono wake wa kijani.

"Ulitoa kitu humu?"

"Sijagusa kitu."

Koleo alipapasa mifuko ya pembeni. Kalamu. Kipande cha chaki ya fundi. Halafu kikasha kigumu, kipya, na ndani yake miwani. Vioo vyake vilikuwa vinene kama tako la bilauri.

"Ndugu yako alivaa miwani?"

"Hata! Yule alikuwa anaona sisimizi akiwa ng'ambo ya barabara. Hiyo itakuwa ya mteja wa shemeji."

Koleo alitoka nayo nje, akasimama kwenye kivuli cha ukuta, akaivaa. Barabara yote ikayeyuka. Mwendesha baiskeli akawa wingu, wingu likapiga kengele, Koleo akaruka pembeni. Akaivua, akabaki nayo mkononi. Alifikiria kikombe kilichokuwa mbele kikaambiwa kilikuwa pembeni, na sindano iliyorushwa mezani. Ndipo akajitukana kwa sauti, mpaka mama mmoja aliyekuwa akipita akavuka upande wa pili. Kule ghalani alikuwa amesahau kuuliza swali moja, tena swali ambalo hata askari wa siku ya kwanza angeliuliza.

Akapiga simu.

"Bwana Fagio, kile kitu ambacho kifurushi kinakidai bila sababu. Kazi yake nini?"

"Kile? Kinasoma maandishi kwa sauti. Kompyuta inamsemea mtu kila kilichoandikwa. Wanakitumia wasioona. Sasa niambie wewe, pateni na…"

Ngurumo za mashine zilisikika nyuma yake.

"Endelea," Koleo alisema.

"Mashine tupu haisemi," Bwana Fagio alisema polepole. "Haina sauti. Kama haoni, asingeweza kufanya kazi humo. Angelazimika kujengea kwenye ile inayomsemea. Na programu ingejishika na hiyo sauti. Lazima ingejishika nayo. Loo! Na mimi nimemwandikia ripoti nikamwita mzembe."

"Mwizi angefanya kosa jingine. Kosa hili ni la mlezi aliyefundishwa vizuri, ila mashine yake tupu haimfai tena. Laptopu aliiacha kwa sababu kioo chake hakikuwa na maana kwake. Ufunguo akaubeba. Ni yeye, Bwana Fagio. Yu hai. Usifagie!"

"Sijagusa ufagio," msimamizi alijibu.

* * *

Fundi alisikiliza akiwa amesimama. Koleo alimweleza yote kwa mpangilio, kama anavyotoa ushahidi mahakamani: kosa, mashine, sauti, kikombe, miwani. Akaweka kikasha mezani, kati ya mkasi na futi. Bwana Fagio, aliyekuja na kompyuta yake kwapani bila kuitwa, alisimama mlangoni akiwa bado na sweta.

Fundi hakushangilia. Aliifungua miwani, akaishika kwenye mwanga, akaifunga.

"Kwa hiyo alikuwa haioni," alisema. "Ile sindano. Alikuwa haioni."

"Ndivyo ninavyoamini."

"Na mimi nikamnunia wiki nzima." Akakaa chini, sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa. "Kwa nini asiniambie? Mimi ni nani, mpita njia?"

Fundi akajijibu mwenyewe.

"Mama yangu alifia chumba kile. Alikuwa hawezi kwenda hata msalani bila mimi, na alikaa hivyo mpaka nikasahau alivyokuwa akitembea. Tulipotoka kumzika nilivua viatu pale mlangoni, nikasema, 'Sitaki tena kumshika mkono mtu mzima maisha yangu yote.' Yeye alikuwa nyuma yangu. Alinisikia." Akaupiga mkono wake kwenye paja. "Nilikuwa nimechoka siku ile, jamani! Siku ile tu! Mtu anashika neno la siku moja anaondoka nalo?"

"Anaweza kuambiwa," Koleo alisema. "Hatujui anakaa wapi, lakini kifurushi chake hajakiacha. Na mlezi anajibu ripoti. Si ndiyo, Bwana Fagio?"

"Lazima ajibu. Kabla ya Ijumaa. Lakini ripoti ni ya hitilafu tu, bibie, si mahali pa mambo ya nyumbani. Walezi wote wanaiona."

"Na hii si hitilafu?"

Bwana Fagio alimtazama mwanamke aliyekuwa sakafuni. Akatafuta pa kukaa. Stuli imejaa, viti hakuna, akaishia kuketi juu ya gunia la vipande na kuweka kompyuta magotini.

"Haya," alisema. "Nitaandika. Lakini tufuate utaratibu, nisije nikafukuzwa. Swali la kwanza: ulitarajia nini?"

Fundi alijifuta pua kwa kipande cha satini. "Nilitarajia aniambie."

Vitufe vikalia.

"Kilichotokea ni nini?"

"Alinyamaza. Akaniachia sindano hazina uzi."

"Toa maelezo ya kulirudia tatizo, hatua kwa hatua."

"Maana yake nini?"

"Yaani mtu mwingine afanye nini ili naye alione."

Fundi alifikiri. Nje mtu alikuwa anapiga kelele akiuza ndoo. "Andika hivi. Amka asubuhi. Geuka upande wa ukutani. Hayupo. Weka vikombe viwili, halafu rudisha kimoja. Kesho rudia."

Bwana Fagio aliandika polepole sana. Alipomaliza alivua miwani yake mwenyewe na kuifuta kwa pindo la sweta, na safari hii vumbi lilikuwapo, au tujifanye lilikuwapo.

"Uzito wa tatizo," alisema. "Kuna dogo, la kawaida, kubwa, na lile la kuzuia kila kitu."

"Wewe unaonaje?" fundi alimuuliza.

Akabonyeza la mwisho, akatuma.

* * *

Siku iliyofuata walezi wenzake Kiraka walianza kuandika chini ya ripoti. Mmoja aliuliza kama wamekosea mlango. Mwingine akamwambia anyamaze. Wa tatu aliandika tu, "Nami nimelirudia tatizo hili, kwangu ni baba," na baada ya hapo hakuna aliyetania. Kiraka hakusema kitu. Koleo alishinda kwa fundi akijisingizia kwamba ana pindo la kushonwa. Fundi alishona vibaya, akafumua, akashona vibaya tena. Mteja aliyekuja kuchukua sketi alipewa ya mtu mwingine.

Mchana umepinda, shemeji akaja. Alikuwa amenawa mkono. "Nimewaambia ukoo wasubiri," alisema mlangoni, bila kuingia. "Si wamesubiri mwaka? Waendelee." Akajifanya anakagua bawaba za mlango.

Simu ya Koleo ililia. Ilikuwa Bwana Fagio, na alikuwa anahema.

"Amejibu. Nisome?"

"Weka sauti kubwa," Koleo alisema, na kuilaza simu mezani.

"Kwanza hali ya ripoti. Kuna 'si kosa', kuna 'limetatuliwa', kuna 'limethibitishwa'. Ameweka limethibitishwa." Bwana Fagio alikohoa. "Halafu ameandika hivi: 'Tatizo ni la kweli. Nami nalipata kila asubuhi. Kosa ni la mlezi, si la mtumiaji. Sindano niliacha kuziona mapema kuliko nilivyoacha kukuona wewe, nikaona bora niondoke wakati sura yako bado ninayo. Niko kwenye chuo cha wasioona, ng'ambo ya daraja la reli, najifunza na kufundisha. Kifurushi nilikiweka hai kwa sababu nilijua unakichungulia. Siwezi tena kukutilia uzi sindanoni. Siwezi kulirekebisha hili peke yangu. Natafuta mlezi mwenza.'"

Bawaba za mlango zilikaguliwa kwa bidii kubwa.

"Mlezi mwenza ni nini?" fundi aliuliza.

"Kifurushi kikimzidi mtu," Bwana Fagio alieleza, "anaomba wa pili. Majina yanaandikwa mawili. Mmoja akishindwa, mwingine anashika."

"Niandike."

"Mama, wewe hujui hata kuiwasha…"

"Bwana Fagio, niandike mimi! Utanifundisha kuiwasha Jumatatu."

Akainuka. Alivitoa vitambaa vyote kwenye stuli, akavibwaga sakafuni, vya bei na visivyo vya bei, akaipangusa kwa kiganja na kuisogeza karibu na dirisha. Halafu akaliangua lile shati la buluu nyuma ya mlango.

"Naweza kukupeleka," Koleo alisema. "Daraja la reli napajua."

"Twende. Lakini ukifika ubaki nje. Nina matusi niliyoyapanga tangu alipoondoka, na sitaki shahidi."

"Na ukimaliza kutukana?"

"Nitamshika mkono tuvuke barabara."

Alitafuta vifungo kwenye kopo, akachagua vitano vinavyofanana. Akachukua sindano. Koleo alinyoosha mkono, maana alikuwa amezoea sasa, hata uzi alikuwa ameshaanza kuulamba kwa mawazo. Fundi hakumpa. Aligeukia dirishani, akainua sindano kwenye mwanga, akatia uzi mwenyewe mara ya kwanza tu, akaanza kushona kifungo cha juu.